Mlango upi wa gereji utahimili hewa ya bahari Mazizini?

*"Assalamu alaykum. Nyumba yetu ipo Mazizini, hapa Unguja, si mbali na bahari. Tukikaa barazani usiku tunasikia mawimbi. Gereji ina mlango wa chuma wa mabawa mawili uliowekwa miaka sita iliyopita. Sasa umeoza chini, bawaba ya juu imeng'oka kwenye mwimo (ukingo wa pembeni unaoshika mlango), na bawa moja linaburura sakafuni. Nafasi ya mlango ni sentimita 260 kwa upana na 210 kwa kimo, na kutoka chini ya linta (boriti ya juu ya mlango) hadi dari zipo sentimita 25. Mbele ya gereji kuna uwanja wa mita tano mpaka kwenye geti. Gari letu ni Noah, na jenereta yetu ndogo huwekwa humo humo. Mume wangu anataka mlango wa umeme wa kujikunja, kama aliouona kwa ndugu yake Muscat. Kaka yangu anasema tuchomelee mwengine wa chuma, ila safari hii bati liwe nene ili lisioze. Mimi napenda mbao, lakini naambiwa mchwa watazimaliza. Tuna watoto wawili wadogo. Tufanye lipi?"*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Ahsante kwa kupima kabla ya kuuliza, kwa sababu vipimo vyako vinajibu nusu ya swali. Nyumbani kwenu mna rai tatu, na kila moja ina sehemu ya ukweli, lakini zote tatu zinatazama uso wa mlango, yaani iwe bati, iwe mbao, iwe vipande vinavyojikunja. Kilichoharibika kwako si uso. Ni bawaba, ni mwimo, na ni ile sehemu ya chini ambayo maji hutuama. Ukibadilisha uso na kuviacha hivyo vitatu kama vilivyo, utarudi kwa fundi tena kabla mtoto wako mdogo hajamaliza skuli ya msingi.

Tuanze na adui mwenyewe, kwa sababu anaeleweka vibaya. Watu wengi hudhani kwamba mvua ndiyo inayoozesha chuma. Karibu na bahari, mvua mara nyingi ni rafiki, kwani huosha. Anayekula chuma ni chumvi. Mawimbi yanapovunjika hutupa hewani matone madogo sana, upepo huyachukua, maji hukauka njiani, na chumvi iliyobaki hutua juu ya kila kitu. Chumvi hiyo huvuta unyevu uliomo hewani. Chumvi ya kawaida ya jikoni huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari, kwa kuwa ina pia chumvi za magnesiamu, huanza kunyonya maji mapema zaidi. Usiku wa kawaida wa Unguja huvuka kiwango hicho bila ya tone la mvua. Kwa hiyo mlango unaouona mkavu saa saba mchana hulala usiku kucha umefunikwa na utando mwembamba wa maji ya chumvi, na kutu hufanya kazi yake wakati nyinyi mmelala.

Ndiyo maana, ukiutazama vizuri mlango wako wa sasa, natarajia utakuta upande wa ndani umeliwa zaidi kuliko wa nje, na pembe zilizojificha zaidi kuliko uso ulio wazi. Upande wa nje huoshwa na masika na vuli kila mwaka. Upande wa ndani hauoshwi na mtu. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa hivyo hutanuka, huinua rangi, hupanua kiungo kilichochomelewa, na ikiwa ipo ndani ya ukuta huipasua plasta.

Sasa rai ya kaka yako. Bati nene huchelewa kutoboka, hilo ni kweli, lakini halizuii kutu, na linaleta tatizo jengine ambalo tayari unalo. Bawa moja la mlango wako lina upana wa sentimita 130 na kimo cha sentimita 210. Bati la milimita 1.2 la ukubwa huo lina uzito wa kilo 26 hivi. La milimita 3 lina kilo 64, na ukiongeza fremu ya skwea paipu, yaani paipu za chuma za pembe nne, unakaribia kilo 90. Uzito huo wote unaning'inia upande mmoja. Bawaba zikiwa mbili, moja juu na moja chini, zikiachana kwa mita 1.6, basi bawaba ya juu huvutwa kutoka ukutani, saa zote, mchana na usiku, kwa nguvu ya takriban kilo 36. Bawaba yako haikung'oka kwa bahati mbaya. Iling'oka kwa sababu ilikuwa inavutwa miaka sita bila ya kupumzika, huku kutu ikilegeza kile kilichoishika. Katika jambo hili hili, tahadhari na neno geji, yaani namba ya kipimo cha unene wa bati: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba, kwa hiyo geji 16 ni nene kuliko geji 18. Nimeona mtu akilipia geji ya juu akiamini amenunua bati nene.

Kama mtaamua kubaki na chuma, basi fedha za unene zihamishieni kwenye zinki. Chuma kilichochovywa kizima ndani ya zinki iliyoyeyushwa ni kitu tofauti kabisa na chuma kilichopakwa rangi ya fedha, ingawa dukani vinaweza kufanana. Zinki hailindi kwa kufunika tu. Hujitoa muhanga, yaani huliwa yenyewe kwanza, na hata pakikwaruzwa kidogo chuma cha jirani hubaki salama kwa muda. Lakini hapa pana kosa ambalo mafundi wetu wengi hulifanya kwa nia njema. Hununua skwea paipu zenye zinki nzuri, kisha huzichomelea. Moto wa kuchomelea huiunguza zinki mahali pale pale pa kiungo, na kiungo ndicho kilichokuwa kinahitaji ulinzi kuliko pengine popote. (Moshi wake pia humdhuru fundi, afanye kazi hiyo uwanjani penye upepo.) Baada ya kuchomelea, kila kiungo kisuguliwe mpaka kiwe cheupe na kipakwe rangi yenye zinki nyingi kabla ya rangi nyengine yoyote. Kichomelewe kwa mstari mzima, si kwa kugusisha hapa na pale, kwa sababu ule mwanya unaobaki baina ya vipande viwili hunyonya maji ya chumvi na hauwezi kupakwa rangi tena maisha. Paipu zenyewe zizibwe kabisa kwenye ncha, au zitobolewe tundu dogo chini ili unyevu utoke. Paipu iliyozibwa nusu huoza kutoka ndani huku nje ikimeremeta.

Mlango wa kujikunja anaoutaka mume wako ni mlango mzuri mahali pake. Nyumba ambayo gereji yake imetazama barabara moja kwa moja, isiyo na nafasi ya kufungulia mabawa, haina chaguo bora kuliko huo. Kwenu nafasi ya mita tano ipo, na mabawa yenu yanahitaji mita 1.3 tu. Kuna pia suala la dari. Mlango wa aina hiyo ukishafunguka hugeuka kuwa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 30 hadi 40, nanyi mna sentimita 25. Mviringo utashuka chini ya linta, na kimo cha kupitia kitabaki kama sentimita 195 hadi 205. Noah ina urefu wa kwenda juu wa takriban sentimita 185, itapita, lakini siku mtakapofunga keria na kupakia magodoro ya safari ya shamba haitapita. Mlango wa vipande vinavyopanda kwenye reli hadi chini ya dari nao kwa kawaida hudai zaidi ya sentimita 30 juu ya linta; zipo reli za dari fupi, ila zina vipande vingi zaidi vya kusogea, na kwa Mazizini kila kipande kinachosogea ni mlango mwengine wa kuingilia chumvi.

Wengi hudhani kwamba mota ndiyo inayoubeba mlango wa aina hizi mbili. Kwa milango mingi sivyo. Anayeubeba ni springi. Springi hukazwa mlango unaposhuka na huachia nguvu zake mlango unapopanda, ili mota, au mkono wako, uongoze tu. Kwa kawaida springi hutengenezwa kwa ajili ya mizunguko 10,000, na mzunguko ni kufungua na kufunga mara moja. Mkitoka na kurudi kiasi cha kuutumia mara nne kwa siku, hiyo ni karibu miaka saba, kama kutu haikuingia. Ikiingia, huchimba vishimo vidogo juu ya waya wa springi, ufa huanzia hapo, na siku moja springi hukatika kwa kishindo. Nakuomba hili ulichukue kwa uzito wake: springi iliyokazwa ya mlango wa gereji huvunja mkono na hutoa jicho. Asiiguse mtu wa nyumbani, wala fundi wa kawaida wa kuchomelea, hata kama anasema ameshaona namna inavyofanywa. Kabla ya kununua, muulize muuzaji springi ya akiba ipo hapa Unguja au itaagizwa, na nani ataifunga. Jibu lake likiwa refu, mlango huo haukufai bado.

Umeme nao tusiusahau. Umeme wetu unapita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na waliokuwepo mwaka 2008 wanakumbuka kisiwa kikikaa gizani kwa karibu mwezi mzima, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya umekuja baadaye, lakini kukatika kwa saa chache bado ni jambo la kawaida. Mlango wowote wa umeme ni lazima uweze kufunguliwa kwa mkono, na ikiwa gereji haina mlango mwengine mdogo, kifungulio hicho kipatikane kutoka nje kwa ufunguo. Vinginevyo gari litafungiwa ndani, siku ambayo pengine kuna mgonjwa. Kwa ajili ya watoto, usikubali mota isiyo na jicho la kuhisi linalofungwa karibu na sakafu, kimo kisichozidi sentimita 15, na isiyorudi juu yenyewe inapogusa kitu. Marekani iliyafanya mambo ya namna hii kuwa sharti kwa mota za gereji za nyumbani zinazotengenezwa tangu mwaka 1993, baada ya watoto kubanwa na kufa. Jaribio lake ni rahisi: laza ubao wa unene wa sentimita 4 sakafuni, funga mlango, ukiugusa na usirudi, zima mota na usiitumie mpaka irekebishwe.

Aluminiamu hutajwa sana, na mafundi wake tunao wengi wa madirisha. Haitoi kutu nyekundu, lakini haiko salama moja kwa moja. Ikigusana na chuma au stenlesi penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na huonekana unga mweupe kuzunguka skrubu. Lazima pawekwe washa za nailoni baina yake. Tena paipu za dirisha ni nyepesi mno kwa bawa la upana wa sentimita 130.

Sasa mbao, ambazo naona umeona haya kuzitetea. Usione haya. Chumvi haili mbao. Tazama jahazi: msumari huoza kabla ya ubao. Tazama na milango ya zamani ya Mji Mkongwe, ambayo mingi haikuning'inizwa kwenye bawaba za chuma hata kidogo. Huzunguka juu ya ndimi za mbao zilizoingia katika matundu ya juu na chini ya fremu, na uzito hukaa chini badala ya kuvuta ukuta. Waliotengeneza walikuwa wanaishi kwenye hewa hii hii. Mchwa ni hofu ya kweli, ila mchwa wanaoangamiza nyumba hupanda kutoka ardhini kwa njia zao za udongo, na mlango unaoning'inia sentimita moja na nusu juu ya sakafu ya zege hawaufikii kwa urahisi kama fremu ya mbao iliyofukiwa ardhini. Chagua msaji, au mvule, au mninga, na usisitize moyo wa mti. Ile sehemu ya nje iliyo nyeupe haina kinga, hata iwe ya msaji, na baadhi ya wauzaji huichanganya humo. Usipewe paini kwa mlango wa nje karibu na bahari.

Kasoro ya mbao niiseme wazi. Bawa lenye fremu ya msaji na mbao nyembamba za kujazia litakuwa na kilo 60 hadi 70, kwa hiyo si jepesi. Litafura kwa upana wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kaskazi, na likibanwa bila ya nafasi litagoma kufunguka mwezi wa Aprili. Acha milimita 3 au 4 baina ya mabawa, na uufunike mwanya huo kwa mfaa, yaani ubao wa katikati unaosimama juu ya kiungo cha mabawa, kama ilivyokuwa desturi. Linahitaji mafuta ya mbao za nje kila mwaka kabla ya masika, na ncha za chini za mbao, pale zilipokatwa kwa msumeno, zipakwe mara tatu, kwa sababu hapo ndipo mti hunywa maji. Kama unajua kwamba nyumbani kwenu hakuna atakayeifanya kazi hiyo, chukueni chuma cha zinki kwa masharti niliyoyataja. Mlango wa mbao uliosahauliwa huchakaa vibaya.

Ningekuwa mimi, kwa nafasi yenu na vipimo vyenu, ningeweka mabawa mawili ya msaji yanayofungukia nje, nami ningetumia fedha nyingi pale ambapo watu hubana. Mwimo kwanza. Ukuta wa matofali hauwezi kushika bawaba ya mlango wa namna hii kwa skrubu na plagi; fundi muashi abomoe kingo zote mbili na kumwaga nguzo ya zege yenye nondo, na bawaba zifungwe kwa bolti ndefu zilizozama humo. Kila bawa liwe na bawaba tatu, ya tatu ikae sentimita 25 au 30 chini ya ile ya juu, maana huko ndiko kunakovutwa, na siyo katikati kwa ajili ya kupendeza. Bawaba na bolti ziwe za stenlesi, lakini si stenlesi yoyote. Daraja la 304 likikaa karibu na bahari hutoa madoa ya rangi ya chai. La 316, lenye molibdenamu ndani yake, huhimili zaidi. Sumaku haiwezi kukutenganishia, kwa hiyo tazama kichwa cha bolti: A2 ni sawa na 304, A4 ni sawa na 316. Bei itakushtua, lakini bolti zenyewe ni chache.

Ule ubao wa mshazari unaotia nguvu bawa uanzie chini upande wa bawaba na upande juu kuelekea katikati ya mlango. Ukigeuzwa, kama nilivyoukuta mara nyingi, hausaidii kitu na bawa litainama. Kwenye kila bawa pawe na komeo la juu na la chini, pamoja na ndoano imara ya kulishika likiwa wazi, kwani upepo wa kusi ukilikamata bawa la kilo 65 utalipiga kwenye gari au, Mungu apishe mbali, kwenye mtoto. Na matakwa ya mume wako hayajapotea: wakati ukuta umebomolewa, lazeni paipu tupu ya waya hadi kwenye kila nguzo. Zipo mota za mikono zinazosukuma mabawa ya kawaida, nazo hazina springi ya kubeba uzito. Mtaziongeza mkipata wasaa, zikiwa na jicho lile lile la kuhisi.

Nimeliacha hadi sasa jambo la jenereta, nalo ni zito kuliko yote uliyoyataja. Kuihifadhi humo si tatizo. Kuiwasha humo ni hatari ya kifo, hata mlango ukiwa wazi, na hatari zaidi ikiwa gereji imeungana na vyumba. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa hewa safi, na anayeivuta huhisi kichwa kuuma na usingizi, kisha haamki. Iwasheni nje, mbali na madirisha. Kwenye mlango mpya pia acheni matundu ya hewa karibu na sakafu na karibu na juu, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya chini.

Kabla ya kuagiza chochote, mwite mtu ajionee mwenyewe linta yenu. Ikiwa pana ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya mlango, au zege imemeguka na nondo inaonekana, hilo ni la mhandisi au muashi mzoefu, na mlango usubiri. Vivyo hivyo mkiona njia za udongo za mchwa ukutani. Waya wa mota nao ufungwe na fundi umeme mwenye leseni.

Fundi mlango akija, apime ulalo wa nafasi, pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, nafasi haina skweya, nayo irekebishwe kwenye zege, si kwa kuuchonga mlango. Sakafu nayo iteremke kidogo kuelekea nje. Mlango ukishafungwa, uoshwe kila baada ya wiki mbili, ndani na nje, na bawaba zaidi ya vyote, kwa maji ya mfereji. Ikiwa mnatumia kisima, yaonjeni kwanza, kwa sababu visima vingi vya ukanda wa pwani vimeingiwa na chumvi, na kuoshea mlango maji hayo ni kuupaka kile kile mnachojaribu kukiondoa.